Shekhar Mehta: Dere Aliyefukuzwa na Idi Amin, Kisha Akafanya Kenya Iamini Datsun

Ukishuka steji ya Kitale leo na useme unaenda Bungoma, konda atakushika mkono kabla hujamaliza kuongea. Atakuambia Nissan imebakisha watu wawili tu, ingia twende. Sawa, ingia, lakini ukishakaa cheki ile alama iko kwa usukani. Mara nyingi utapata ni Toyota. Konda anajua ni Toyota, dere anajua ni Toyota, na hata yule mathe amebeba kuku kwa kiti cha nyuma anajua. Lakini kwa mdomo wa Mkenya, matatu ya watu 14 ni Nissan, na hakuna mtu atabadilisha hiyo kitu sasa.

Jina la kampuni haligeuki kuwa jina la kitu kizima hivi hivi tu. Lazima watu wengi wawe wamezoea hiyo gari na kuiamini, mpaka inaingia kwa lugha. Ukitaka kujua hiyo imani ilitoka wapi, anza na zile Pasaka za zamani, wakati nchi yote ilikuwa inasikiza Safari Rally kwa redio. Na ukianza huko, kuna jina moja huwezi kuruka: Shekhar Mehta.

Uliza vijana wa siku hizi kuhusu rali, watakuimbia Subaru. Uliza wazee wao, watakutajia Joginder Singh. Mehta amebaki hapo katikati kama mtoto wa pili, hakuna anayemkumbuka sana. Na huyo ndiye alishinda Safari mara tano, zote tano akiwa kwa usukani wa gari la Nissan. Kaa chini upate stori yake yote.

Mtoto wa upande ule wa mpaka

Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945. Kwa wewe uko Bungoma ama Trans Nzoia, hiyo si mbali. Ni pale tu ukivuka Malaba, Lwakhakha ama Suam. Familia yao ilikuwa ya Wahindi waliokuwa na mashamba makubwa na doh ya kutosha, kwa hivyo huyu si yule jamaa wa stori za kuanza na viatu vimepasuka. Alikuwa na bahati ya kuzaliwa kwa nyumba iliyo na magari, na akapenda mbio.

Alianza rali akiwa na miaka 21, na gari lake la kwanza la mashindano halikuwa la Kijapani. Ilikuwa BMW. Wakati huo, miaka ya 60, ukimwambia mtu mwenye pesa Afrika Mashariki anunue gari la Kijapani angekuangalia vibaya. Gari la maana lilikuwa Mercedes, Peugeot, Volvo, Ford ama Volkswagen. Mjapani alionekana kama mtu wa kuuza redio na vitu vya bei ya chini.

Sasa elewa Safari yenyewe ilikuwa nini, kwa sababu ile ya sasa ya Naivasha ni kitu kingine kabisa. Ilianza 1953 kama mbio za kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na ilikuwa inazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Umbali ulikuwa karibu kilomita 5,000 kwa siku chache, usiku na mchana. Barabara hazikufungwa. Ukiwa mbio unaweza kukutana na lori, basi, ng'ombe ama twiga, na hiyo ni shauri yako. Unapewa muda wa kufika kituo fulani, na kila dakika unayochelewa unaandikiwa adhabu. Mwenye adhabu chache mwishoni ndiye bingwa.

Kitu kingine, ilikuwa wakati wa Pasaka. Kama umelima Kwanza ama Endebess unajua Aprili ni nini. Ni wakati mvua imeshuka, mahindi yameshapandwa ama yanapandwa, na ile barabara ya udongo inageuka uji. Madereva wa Ulaya walikuja hapa na sifa kubwa, wakakutana na huo udongo, wakarudi kwao na magari yamevutwa na trekta. Mwaka wa 1963 ni magari saba tu yalimaliza. Mwaka wa 1968, saba tena.

Jina lililotoka kwa herufi tatu

Hapo ndipo Mjapani aliamua kuja kujipima. Lakini kwanza pata historia kidogo ya hiyo kampuni, maana watu huchanganya Datsun na Nissan kama ni vitu viwili.

Mwaka wa 1911, injinia anaitwa Masujiro Hashimoto alianzisha karakana ya magari Tokyo. Mwaka wa 1914 akatoa gari akaliita DAT, herufi za kwanza za majina ya watu watatu waliomsaidia na pesa: Den, Aoyama na Takeuchi. Baadaye, 1931, ikatoka gari ndogo, ikaitwa Datson, yaani mtoto wa DAT kwa Kiingereza. Shida ni kwamba kwa Kijapani, ule mwisho wa jina ulikuwa unasikika kama neno la hasara. Nani ananunua gari inaitwa hasara? Wakageuza herufi moja ikawa Datsun, na maana ikawa jua. Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 30, biashara hiyo ikaingia mikononi mwa kampuni ya Nissan. Kwa hivyo Nissan ndiyo kampuni, na Datsun lilikuwa jina la gari.

Nissan walileta magari yao Safari mara ya kwanza 1963, ule mwaka wa magari saba. Waliondoka mikono mitupu. Wengine wangesema hii kazi si yetu, wapande meli waende. Wao walirudi mwaka uliofuata, na uliofuata. Mwaka wa 1966 Datsun Bluebird ikashinda kwa kundi la magari ya saizi yake. Huko kwao Safari ilikuwa imeshakuwa stori kubwa, hadi 1969 ikatoka filamu kuhusu dereva wa Kijapani na Safari, nyota wake akiwa Yujiro Ishihara, mwigizaji aliyekuwa moto sana Japani wakati huo.

Mwaka wa 1970 kazi ikaiva. Edgar Herrmann alishinda Safari na Datsun 1600 SSS, na nyuma yake akiwa Joginder Singh, pia kwa Datsun. Mwaka uliofuata Herrmann akashinda tena, sasa na Datsun 240Z, ile ndai ya pua refu. Na aliyemfuata namba mbili kwa 240Z nyingine alikuwa kijana wa Uganda, miaka 25, anaitwa Shekhar Mehta.

Siku tisini za Amin

Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke Uganda, na akawapa siku 90. Wazee wa Bungoma wanakumbuka, kwa sababu reli ya kutoka Kampala kwenda Mombasa inapita hapo hapo mjini, na kuna waliotolewa Uganda kwa treni hiyo wakienda kutafuta meli. Watu waliacha maduka yakiwa na bidhaa, nyumba zikiwa na viti, mashamba yakiwa na mazao. Maelfu ya watu wakawa hawana nchi kwa miezi mitatu.

Familia ya Mehta ilikuwa kati ya hizo. Waliacha kila kitu wakaingia Kenya. Sasa jiweke kwa hiyo nafasi. Una miaka 27. Mwaka jana ulikuwa mtoto wa mdosi, leo wewe ni mgeni kwa nchi ya watu na mali ya familia imebaki upande ule wa mpaka mikononi mwa wanajeshi. Wengi walienda Uingereza, Canada na kwingine wakaanza upya. Mehta alibaki Kenya. Na Pasaka ilipofika, miezi michache tu baada ya kufukuzwa, akapanda Datsun 240Z akaenda kukimbia.

Hiyo Safari ya 1973 haikuwa ya kawaida. Ndio mwaka wa kwanza wa mashindano ya dunia ya rali, na Safari ilikuwa imewekwa kwa hiyo orodha. Yaani ukishinda hapa, jina lako linaingia kwa vitabu pamoja na wale wa Monte Carlo.

Mehta akiwa na msoma ramani wake Lofty Drews walifika mwisho wakiwa na adhabu sawa kabisa na Harry Källström wa Sweden, ambaye pia alikuwa kwa Datsun. Umbali wa maelfu ya kilomita, matope, vumbi, usiku bila kulala, na mwisho watu wawili wanatoka sare. Haijawahi kuwa karibu hivyo. Waamuzi wakafungua sheria: kama mko sawa, mshindi ni yule aliyeenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kuandikiwa adhabu. Wakarudi kwa makaratasi, wakahesabu kituo kwa kituo, na jina lililotoka ni la Mehta.

Hiyo sheria, ukiiangalia, ndiyo inaeleza dere aliyekuwa. Haikumpa ushindi kwa sababu alikuwa na sekunde fulani ya maajabu pahali. Ilimpa kwa sababu alikaa safi kwa muda mrefu kuliko mwenzake.

Miaka ya ukame

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Safari ikabaki ndani ya Kenya peke yake, na Mehta akakaa miaka mitano bila kuishinda. Mwaka wa 1974 alikimbia na Lancia Fulvia ya Waitaliano, haikuleta kombe. Mwaka huo huo Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda na Mitsubishi Colt Lancer, na akarudia 1976. Katikati yao Peugeot ikashinda 1975, Ford ikachukua 1977, Peugeot tena 1978. Datsun ilikuwa imetulia na watu wakaanza kusema ile ya 1970 hadi 1973 ilikuwa bahati.

Halafu ikaja 1979. Mercedes walileta 450 SLC, gari kubwa la injini ya silinda nane, lenye starehe ya bosi wa benki. Pesa ilikuwa upande wao, na dereva kama Hannu Mikkola wa Finland, ambaye alikuwa ameshashinda Safari 1972. Mehta na Mike Doughty walikuja na Datsun 160J, ambayo jina lake lingine ni Violet. Ukiona hiyo gari bila stika huwezi hata kugeuka. Ni saluni ya milango minne, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma, hakuna maajabu. Ni gari ambayo mwalimu wa shule angenunua kwa mkopo wa ushirika.

Mehta akashinda. Mikkola na Mercedes yake wakawa wa pili.

Mwaka wa 1980 Mercedes wakarudi na hasira. Mehta akashinda tena kwa 160J, na namba mbili akawa Rauno Aaltonen wa Finland, pia kwa Datsun. Mwaka wa 1981 ikawa balaa: Datsun zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Mehta mbele, Aaltonen nyuma yake, kisha Mike Kirkland, kisha Timo Salonen. Huyo Aaltonen, bingwa mkubwa wa Ulaya, alijaribu Safari miaka na miaka, akamaliza wa pili mara kadhaa, na hakuwahi kuishinda hata siku moja.

Mwaka wa 1982 Mehta akaja na Violet GT. Aliyemfuata ni Walter Röhrl wa Ujerumani na Opel Ascona, jamaa ambaye mwisho wa mwaka huo alikuwa bingwa wa dunia. Lakini Pasaka hiyo alikula vumbi la Mehta.

Hesabu sasa: 1973, 1979, 1980, 1981, 1982. Mara tano, na nne zikifuatana. Hizo nne mfululizo hakuna mtu mwingine amewahi kuzifikisha kwa Safari. Msimu wa 1981 alimaliza wa tano kwa madereva wote wa dunia, mtu ambaye miaka tisa kabla ya hapo alikuwa amefukuzwa kwao. Kwa mbio nyingi za nje aliyekaa kiti cha pembeni akisoma ramani ni mke wake, Yvonne. Kama unajua bibi na bwana wanavyogombana kwa gari wakienda tu ocha Krismasi, hiyo peke yake ni rekodi.

Gari la mashambani

Sasa tuwache kombe tuingie kwa mfuko, kwa sababu rali ilikuwa tangazo na kila mtu alijua hivyo. Nissan hawakuja Afrika kucheza kwa matope kwa miaka 20 ili wapate picha nzuri. Walitaka mkulima, mwalimu na mfanyabiashara waone gari ya elfu kadhaa ikipita kwa barabara ile mbaya kuliko yao, imalize, halafu Jumatatu waende kwa DT Dobie kuuliza bei.

Na ilifanya kazi kwa sababu gari la rali lilifanana na lile la dukani. Mtu aliyesimama Cherangani akiona 160J ikipita na taa nne mbele, alikuwa anaweza kuona 160J nyingine imeegeshwa nje ya posta. Huwezi kusema hivyo kuhusu magari ya rali ya leo, ambayo yana jina tu la gari la dukani, ndani ni kitu tofauti.

Pickup ya Datsun 1200 ndiyo ilikuwa mfalme wa huku mashambani. Ndogo, nyepesi, injini unaifungulia chini ya mti na spana chache. Ilibeba maziwa asubuhi, mbolea mchana, na jioni harusi. Ilipendwa hadi Afrika Kusini waliendelea kuitengeneza, baadaye ikiitwa Nissan 1400, mpaka 2008. Gari iliyoundwa mwanzo wa 70! Halafu kulikuwa na 120Y, na 180B, na hiyo 160J yenyewe. Wenye magari walisifu vitu vitatu: haili mafuta sana, spea zinapatikana, na hata fundi wa jua kali anaijua.

Lakini tusidanganyane, haikuwa malaika. Bati la Datsun za miaka hiyo lilikuwa jembamba na kutu ililipenda. Hii si sifa ya Kenya tu, ni duniani kote. Injini ingekuwa bado inaimba huku sakafu imeoza, dere anaona barabara chini ya miguu. Starehe pia haikuwepo. Kwa hivyo mtu wa Peugeot 504 alimcheka mtu wa Datsun kwa springi ngumu, na mtu wa Datsun akamcheka wa Peugeot kwa bei ya spea. Hiyo vita ya maneno ilikuwa kwa kila baa ya mji mdogo, na kila Pasaka Mehta alikuwa anawapa watu wa Datsun kitu cha kuongea hadi Disemba.

Halafu jina likafutwa

Hapa ndipo stori inauma kidogo. Ule mwaka wa 1981, mwaka Datsun zilimaliza wa kwanza hadi wa nne Safari, ndio mwaka Nissan walitangaza kwamba jina la Datsun linaondolewa. Walitaka jina moja duniani kote, Nissan. Kazi ya kubadilisha mabango na vibao iliendelea miaka kadhaa, na katikati ya 80 Datsun ilikuwa imeisha. Jina walilolijenga kwa matope tangu 1963 likawekwa kabatini na watu wa ofisi. Walilirudisha 2013 kwa magari ya bei ya chini ya nchi kama India na Indonesia, halafu 2022 wakaliua tena.

Lakini watu wa kawaida hawasomi barua za makao makuu. Imani yao haikufutwa na kibao, ilihama tu. Aliyekuwa mtu wa Datsun akawa mtu wa Nissan. Miaka ya 80 na 90, van za Nissan zilipojaa kwa biashara ya matatu, jina lilikuwa limeshakaribishwa nyumbani zamani. Ndio maana hata Toyota ilipokuja kuchukua hiyo biashara, ilikuta kiti kimeandikwa jina la mwingine. Mpaka leo inaitwa Nissan.

Misri, London na ukimya

Baada ya 1982 upepo uligeuka. Ari Vatanen alishinda 1983 na Opel, halafu Toyota ikaingia na turbo na pesa nyingi. Magari ya aina ya 160J, ya kawaida na magumu, hayakuwa na nafasi tena. Mehta aliendelea kukimbia sehemu nyingi za dunia.

Mwaka wa 1987 alikuwa Misri kwa mbio za jangwani zinazoitwa Rali ya Mafarao, akiendesha Peugeot. Huko alipata ajali mbaya sana. Aliponea, lakini mwili haukurudi ulivyokuwa, na kazi ya udereva ikaishia hapo kwa mchanga. Alikuwa na miaka 42. Kwa mtu aliyepoteza nchi akiwa na miaka 27, hii ilikuwa mara ya pili maisha yanamwambia ashuke aanze upya.

Na alianza upya. Aliingia upande wa uongozi, akapanda hadi akawa mkuu wa tume ya rali ya FIA, chama kinachosimamia mbio za magari duniani. Yule kijana wa 1973 ambaye waamuzi walikaa na makaratasi kuamua hatima yake, sasa yeye ndiye alikuwa anakaa na hizo sheria.

Safari yenyewe iliondolewa kwa mashindano ya dunia baada ya 2002. Mehta hakuishi kuiona ikirudi. Alikufa London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60, akimwacha Yvonne na kijana wao. Safari ilirudi kwa kalenda ya dunia 2021, huko Naivasha. Waliosimama pale kwa vumbi na miwani ya jua na mashati ya Subaru, wengi hawangeweza kumtaja.

Hii inakuhusu vipi wewe

Unaweza kusema sawa, jamaa alishinda, alikufa, mimi natafuta gari ya kununua na pesa ya mahindi. Basi ngoja.

Angalia tunavyonunua magari leo. Mtu anauza ekari, anatoka Kwanza anaenda Nairobi ama Mombasa kwa yadi, na kichwani ana sentensi moja tu: Toyota haiharibiki, Nissan ni stress, Subaru ni ya vijana wa mbio. Hiyo sifa ameipata kwa nani? Kwa shemeji, kwa jirani, kwa fundi. Sifa ya gari ni kitu cha kurithi, kama jina la ukoo. Babu zetu walirithi kutoka kwa Mehta na Joginder kwamba Mjapani anamaliza safari. Kaka zetu walirithi kutoka kwa Patrick Njiru, miaka ya 90, kwamba Subaru ni moto. Hakuna ubaya, lakini hiyo sifa ilijengwa na gari fulani, na dere fulani, kwa mwaka fulani. Haiji na kila gari lenye hiyo alama.

Chukua Nissan ya siku hizi. Note na X-Trail nyingi zina gia ya CVT, ile haina vidato, inateleza tu. Watu wanaitukana sana. Ukiwasikiza vizuri, mara nyingi utapata gari ilikuja imetumika miaka kadhaa Japani, mwenyewe hakuuliza rekodi, halafu akawekewa mafuta ya gia ya kawaida kwa sababu ni ya bei ya chini. CVT inataka mafuta yake maalum, na ukiinyima inakufa. Mwingine akanunua AD ama Probox, akaibebesha gunia kama lori kutoka shambani hadi depo, springi zikalala, akasema gari za siku hizi ni za plastiki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni gari aina gani, uliza ilikuwa mikononi mwa nani na ilitunzwaje, kisha jiulize wewe mwenyewe utaitunza vipi.

Kwa sababu hivyo ndivyo Mehta alishinda. Mercedes ilikuwa na nguvu kuliko 160J. Opel ya Röhrl ilikuwa na nguvu. Barabara ilikuwa moja, mvua ilikuwa moja. Tofauti ni kwamba Safari ilikuwa inawaadhibu wanaoharibu gari asubuhi ili waonekane wana kasi. Gari linalovunjika springi Cherangani halina maana hata kama lilikuwa la kwanza Eldoret. Aliyekaa mbali na shida kwa muda mrefu zaidi ndiye aliandikwa bingwa, na hiyo ya 1973 ni sheria yenyewe ilisema hivyo.

Leo baadhi ya zile Datsun za Safari zimehifadhiwa kwa makumbusho ya Nissan huko Zama, Japani, na Wajapani wanapita kuziangalia. Huku kwetu ziko pia, kwa namna nyingine. Ingia ndani ndani Kwanza, pita Endebess, angalia vizuri nyuma ya boma za wazee. Kuna Datsun 1200 moja haina milango, kuku wanataga kwa kiti cha dere. Ukiipata, muulize mzee aliinunua mwaka gani na kwa nini. Kuna uwezekano mkubwa atakutajia Pasaka fulani na jina la Mhindi fulani, kisha atakuambia injini bado ni nzima, ni betri tu.